Barua ya wazi: panueni leseni zetu kabla ya kupanua kazi zetu

Kwa wakurugenzi na mameneja wa kampuni za ndege zinazoruka Unguja na Pemba. Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Na kwa Wizara ya Ujenzi, Mawasiliano na Uchukuzi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Waheshimiwa, assalamu alaykum. Mimi ni injinia wa matengenezo ya ndege hapa Unguja, na ombi langu ni kwamba mtusomeshe tupanue ujuzi wetu, na msituite kwenye mabegi tukiwa na ndege iliyofunguliwa mkononi.

Nianze na kifuniko cha mafuta ya injini, maana bila ya kifuniko hicho barua hii nisingeiandika.

Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi inavuma, wageni wamejaa kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ilitua uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, ikitokea Pemba, na ilitakiwa igeuze baada ya muda mfupi. Injini yake, PT6, hupimwa mafuta ya kulainishia mara tu baada ya kuzimwa. Ukichelewa, kipimo hakikwambii kweli. Nilifungua mlango wa juu wa injini, nikachomoa kijiti, nikasoma, nikaongeza kilichopungua. Kijiti na kifuniko ni kitu kimoja. Nilikirudisha mahali pake, na kabla sijakibana nikaitwa. Wapakiaji walikuwa wawili tu siku ile, mabegi yamerundikana kwenye toroli, na mkuu wa zamu ananipigia ukelele: "Fundi, njoo utie mkono, abiria wanasubiri!" Nikaenda. Mabegi yalipokwisha nikarudi kwenye injini. Kifuniko kimekaa pale pale, kwa macho hakina tatizo. Nikafunga mlango, nikajaza daftari la ndege, nikatia sahihi.

Rubani wa siku ile alikuwa mtu asiyeruka mpaka aizunguke ndege yake mwenyewe, hata kama imesimama dakika kumi. Alifungua, akatia mkono, kifuniko kikamjia mkononi. Akakirudisha, akakibana, akanitazama bila ya kusema neno, akapanda.

Caravan ina injini moja. Chini yake, ikielekea Pemba, kuna mkondo wa Nungwi, na watu wa visiwa hivi hatuhitaji kukumbushwa mkondo ule ni nini. Septemba 2011 ulituchukulia jamaa zetu waliokuwa ndani ya MV Spice Islander. Kifuniko kisichobanwa kikiachia hewani, mafuta humwagika nje, na injini isiyo na mafuta haidumu. Waliokuwemo safari ile hawajui mpaka leo. Mimi najua. Kosa lilikuwa langu, sahihi ni yangu, na simsukumii mtu mwengine. Lakini kila nikilifikiri narudi mahali pamoja: nilikuwa na kazi iliyo wazi mkononi, na kampuni ikaona ni sawa kuniita nikabebe mabegi.

Gordon Dupont, alipokuwa Wizara ya Uchukuzi ya Kanada mwaka 1993, aliorodhesha mambo 12 yanayowafanya mafundi wa ndege wakosee, na orodha ile inasomeshwa leo duniani kote. Kukatizwa kazi kumo. Uchovu umo. Shinikizo limo. Kushindwa kusema hapana kumo. Dawa ya kukatizwa ni fupi: ukirudi kwenye kazi, anza hatua tatu nyuma ya pale ulipoishia. Naijua tangu nikiwa mwanafunzi. Siku ile sikuifuata, kwa sababu nilirudi nahema, jasho linanitoka, na hesabu iliyokuwa kichwani mwangu ni ya mabegi.

Siku hizi kuna neno linalopendwa sana vikaoni: kunyumbulika. Tunaambiwa mfanyakazi wa leo lazima anyumbulike. Injinia ashike toroli, asimamie ujazaji wa mafuta, aendeshe gari la wafanyakazi, akae stoo, apange makabrasha ya kumbukumbu, ajibu simu za ofisi ya Dar es Salaam, na katikati ya hayo atengeneze ndege. Karatasi ya majukumu niliyopewa siku ya kwanza ya ajira ni ukurasa mmoja. Kazi za ufundi zimeandikwa mistari mitano. Mstari wa sita unasema: "na kazi nyengine zozote atakazopangiwa na mkuu wake." Katika miaka niliyokaa pale, mstari huo wa sita umeila mitano iliyo juu yake.

Sikatai mabegi kwa kuyaona ni kazi duni. Nimezaliwa Nungwi, katika nyumba ya mafundi wa vyombo. Babu yangu alikuwa akikalafati majahazi. Anakaa chini ya chombo na pamba yake na nyundo yake, anaziba upenyo mmoja baada ya mmoja. Alijua pia kupasua mbao, kushona tanga, na kuvua. Lakini akiwa kwenye kalafati hakuna aliyethubutu kumwita. Hata chakula kilingoja. Ikibidi ainuke, kwa sala au kwa mgonjwa, hufunga kitambaa pale alipoishia, na hakuna mtu anayegusa chombo kile mpaka yeye arudi akifungue kitambaa chake. Alikuwa na kazi nne katika mikono yake miwili, na hakupata kuzifanya mbili kwa wakati mmoja. Watu waliokwenda baharini na vyombo vile walilala usingizi kwa sababu hiyo.

Na kupakia ndege nako ni fani. Ndege ndogo ina mizani. Ukiijaza nyuma kupita kiasi pua inainuka na rubani anapigana nayo tangu inapoacha ardhi. Kazi hiyo inataka mtu aliyefunzwa, anayejua kusoma karatasi ya uzito, anayelala usiku na kuamka kwa ajili ya kazi hiyo. Kila nikiifanya mimi kwa kukimbizana, yupo kijana wa Kisauni au Kiembesamaki aliyekosa ajira yake.

Sasa nieleze leseni, maana nimegundua wenzetu wa fedha na biashara wanaiona kama cheti cha skuli: ukishakipata, unacho.

Sivyo. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho ndicho msingi wa leseni zetu sote duniani, kinataka mwombaji awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe na uzoefu wa miaka 4 wa kutengeneza ndege, au miaka 2 kama amepitia kozi iliyoidhinishwa. Kisha leseni hiyo inapaswa ilishwe. Ili uendelee kuitumia, lazima katika miezi 24 iliyopita uwe umefanya kazi ya leseni yako kwa muda usiopungua miezi 6. Kazi ya leseni, toroli halihesabiwi. Na juu ya leseni, shirika la matengenezo lenye kibali linampa mtu idhini kwa jina lake na kwa aina ya ndege aliyosomea. Nina idhini ya Caravan. Usinipe ATR, ndege kubwa zaidi, kwa kuwa zote zina propela.

Nikishaandika jina langu na namba ya leseni katika daftari la ndege, nimewaambia abiria kumi na wawili na rubani wao: pandeni. Hawaniulizi. Hawanijui hata kwa sura. Likitokea la kutokea, atakayeitwa kueleza ni mimi mwenye sahihi. Mkuu wa zamu aliyenipigia ukelele hayumo katika daftari lile.

Ndiyo maana naiogopa kazi ya kunyumbulika inayogawiwa kama pilau ya harusi, kila aliyepo anapakuliwa.

Yako mambo yaliyotokea kwengine ambayo nayarudia kuyasoma kila mwaka. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham kwenda Málaga. Dakika 13 baadaye, ikiwa futi 17,300 juu, kioo cha mbele upande wa nahodha kilichomoka. Nahodha akavutwa nje nusu ya mwili wake, na wenzake wakamshikilia kwa nguvu mpaka rubani msaidizi alipoitua ndege Southampton. Kwa rehema ya Mungu alipona, na wote waliokuwemo walipona. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kilishikwa na bolti 90, na katika hizo 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, kwa tofauti ambayo kwa jicho huioni.

Aliyezifunga hakuwa mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu mwenyewe, mtu wa uzoefu wa miaka mingi. Usiku ule watu walikuwa pungufu, akaona bora aifanye kazi kwa mkono wake kuliko kuiacha ndege isimame. Alizilinganisha bolti kwa macho. Aliyafanya hayo kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo mwili wa binadamu unataka kulala hata kama kichwa kinasema kiko macho. Na hakuna mtu wa pili aliyekagua, kwa sababu utaratibu wa kazi ile haukumtaka mtu wa pili. Mtu mmoja alikuwa meneja, fundi na mkaguzi wa nafsi yake. Nikisoma habari ile, waheshimiwa, sioni Uingereza. Naona zamu ya jioni ya kampuni niliyoifanyia kazi.

Kuna nyengine iliyo karibu zaidi na hoja yangu ya ujuzi. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ndogo ya abiria aina ya Beechcraft 1900D ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwemo wakafa. Ilikuwa imebeba uzito kupita kiasi, na waya wa kuongozea usukani wa mkia ulikuwa umerekebishwa vibaya katika matengenezo ya siku chache kabla. Fundi aliyeurekebisha alikuwa akiifanya kazi ile kwa ndege ya aina ile kwa mara ya kwanza. Aliziruka baadhi ya hatua za kitabu. Mkaguzi aliyetakiwa amsimamishe ndiye yule yule aliyekuwa akimfundisha kazi, na alikubali hatua zirukwe. Huyo fundi naye aliambiwa anyumbulike, ajifunze kitu kipya, na hakuna ubaya katika kujifunza. Ubaya ni kuwa mwalimu na mkaguzi walikuwa mtu mmoja.

Mtaniambia: kampuni zetu ni ndogo. Ni kweli, na sijaletewa habari hiyo leo. Kampuni yenye ndege tatu nne haiwezi kuweka mainjinia kumi kila uwanja. Msimu mkubwa unajaza viti, kisha masika inakuja, mvua inanyesha hoteli zinafungwa, na mishahara lazima ilipwe. Mimi nimekaa na mameneja waliokuwa hawalali kwa hesabu hizo, na sikuwaona kuwa watu wabaya. Najua pia kwamba ndege ya Pemba si anasa. Ndani yake mna mgonjwa anayeletwa hospitali ya Mnazi Mmoja, mna mama anayewahi maziko, mna mwanafunzi. Ikichelewa, wanaoumia ni watu wetu wenyewe.

Ni kwa sababu hiyo hiyo nakupigania kunyumbulika kwa kweli, kule kunakopatikana kwa masomo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja aliyeanzia East African Airways kabla haijavunjika mwaka 1977. Mzee yule alishika mwili wa ndege na injini, na alikuwa akikaa jioni nzima na mtu wa redio akimuuliza maswali kama mtoto wa chuoni. Kila alichokijua alikuwa na karatasi yake na mtihani wake. Ndege ikipata tatizo uwanja wa mbali, anapelekwa yeye, na inarudi. Alituambia vijana: msiguse msichokisomea, lakini msikae bila ya kusoma. Huyo ndiye mtu wa kunyumbulika. Alitengenezwa na shirika lililomlipia masomo.

Ulaya wamelitia jambo hili ndani ya leseni zenyewe. Mwenye leseni ya B1 ni mtu wa mwili wa ndege, injini na umeme, na anaruhusiwa majaribio mepesi ya vyombo vya elektroniki. Mwenye B2 ni mtu wa elektroniki na umeme. Anayetaka zote mbili anasoma, anafanya mitihani, anaonesha uzoefu, anapewa. Kwa hiyo kampuni ndogo inaweza kuwa na mtu mmoja mwenye mikono miwili halali, badala ya mtu mmoja anayefanya kazi ya watu wawili kwa kuvumiliana.

Nimelionja hili mwenyewe. Siku moja nilikuwa uwanja wa Pemba na ndege yenye abiria, na kifaa chake cha kujitambulisha kwenye rada kikafa. Kisanduku kizima tulikuwa nacho. Kukitoa kibovu na kutia kizima hakuchukui muda. Kukijaribu ndiko kunakotaka mtu mwenye idhini. Mimi sina idhini hiyo. Tukamngoja mwenzetu wa elektroniki atoke Dar es Salaam, na akafika siku ya pili. Abiria wakalala Chake Chake kwa gharama za kampuni, na mgonjwa mmoja akapelekwa bandari ya Mkoani apande boti. Nilikuwa nimeomba kupelekwa kozi hiyo mara tatu katika miaka mitatu. Mara zote jibu lilikuwa ni kuwa bajeti haina nafasi. Fedha za hoteli za usiku ule, na za siku nyengine mfano wake, nani alizijumlisha?

Kwa hiyo tunaponyumbulishwa kuelekea kwenye toroli hakuna bajeti inayotakiwa, na tunapoomba kunyumbulika kuelekea kwenye ujuzi bajeti inakosekana. Hapo ndipo penye ugomvi wangu na nyinyi, na ni ugomvi wa mtu anayetaka tubaki pamoja.

Liko na suala la chumvi, ambalo ni letu hasa watu wa visiwani. Ndege zetu zinalala pembezoni mwa bahari na zinapita juu ya maji chini chini. Hewa ya chumvi inaingia kwenye injini, na chumvi ikikutana na salfa ya mafuta ndani ya joto la tabaini, yale magurudumu ya ndani ya injini yanayozungushwa na hewa ya moto, mapanga yake yanaliwa. Huyaoni yakiliwa mpaka ufungue. Dawa yake ni kuiosha injini kwa maji safi, mara kwa mara, kwa ratiba, na kukagua kila kona ya bati ambako maji ya chumvi hutuama. Kazi hii haina sifa. Hakuna abiria anayeiona, na siku moja usipoifanya ndege itaruka tu. Kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa jioni ambayo injinia ameimaliza nguvu yake kwenye mabegi. "Tutaosha kesho." Nimeyasikia maneno hayo, na nimeyasema.

Hawaii ni visiwa kama sisi, safari fupi fupi juu ya bahari. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Aloha Airlines aina ya Boeing 737-200 ilikuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, na ikiwa futi 24,000 sehemu kubwa ya paa la mbele lilibanduka. Mhudumu mmoja alipotea baharini. Ndege ile ilikuwa imekwisha kuruka mara 89,680. Kutu na uchovu wa bati vilikuwepo kabla ya siku ile, na ukaguzi haukuvikamata. Caravan haijazwi hewa ya shinikizo kama ile Boeing, hilo nalijua. Lakini chumvi ni ile ile, na ndege inayokwenda Dar es Salaam na kurudi mara kadhaa kwa siku, kwa safari za dakika ishirini, inaruka na kutua mara nyingi sana kwa mwaka. Mkaguzi wa ndege kama hiyo anatakiwa awe na macho yaliyopumzika, na muda wa kupitisha tochi pole pole.

Naomba, basi, mambo haya.

Mameneja, uandikeni upya ule mstari wa sita. Wekeni wazi kwamba mwenye idhini ya kusaini, akiwa na kazi iliyofunguliwa kwenye ndege, haitwi kwa jambo lolote lisilokuwa la usalama. Wekeni alama ya rangi mlangoni pa injini, kama kitambaa cha babu yangu, na kila mtu uwanjani, kuanzia mkuu wa zamu mpaka dereva, ajue kwamba ikionekana alama ile injinia haitwi. Haigharimu chochote. Ajirini wapakiaji wawili zaidi kwa msimu na muwafunze mizani. Na muda wetu muuhesabu tangu tunapoingia getini. Katika kampuni niliyokuwepo, saa za marubani ziliandikwa ubaoni, dakika kwa dakika, na ndivyo inavyopasa. Saa zangu zilihesabiwa za ufundi peke yake. Zile za kubeba, kuendesha na kukaa stoo zilionekana kama mapumziko. Mgongo hauzijui tofauti hizo. Mtu aliyeingia alfajiri akabeba mizigo mpaka adhuhuri, akianza kufungua injini saa kumi za jioni ni mtu aliyekwisha choka.

Kazi zinazogusa usukani na injini ziwe na jicho la pili, hata kama jicho hilo ni la injinia wa kampuni nyengine jirani kwa makubaliano ya maandishi yanayotambuliwa na Mamlaka. Kisauni tunajuana sote, tunasali msikiti mmoja, tunaazimana spana. Mnashindwaje kuazimana jicho? Nimeuliza hili vikaoni na nikajibiwa kwamba ni washindani wa biashara. Ndege ya mshindani ikianguka, abiria hawatauliza rangi ya mkia kabla ya kuziogopa zote.

Na masomo. Kila kampuni ichague injinia mmoja kwa mwaka, mmoja tu, imlipie kupanua leseni yake: wa injini asome umeme na elektroniki, wa aina moja ya ndege asome aina ya pili. Vyuo viko karibu: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam, Embakasi kule Nairobi, Addis Ababa. Masika ndege zinapopungua ndiyo wakati wake. Kama mnaogopa atasoma kisha aondoke, mfungeni kwa mkataba wa miaka, atakubali, ningekubali mimi. Anayesomeshwa na ajifunze kwa mtu mmoja, akaguliwe na mwengine. Hapo msifanye muhali hata siku moja.

Waheshimiwa wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mambo ya anga ni ya Muungano, na sahihi zetu huku visiwani zina uzito ule ule wa sahihi za Dar es Salaam. Wakaguzi wenu wanapokuja, wanaomba madaftari, na madaftari huwa yamejazwa vizuri. Naomba pia wasimame kando ya ndege kwa saa mbili mwezi wa Julai, bila ya kutoa taarifa, wamtazame mwenye idhini ya kusaini ameshika nini mkononi. Na waulize ratiba ya zamu, wailinganishe na watu waliopo. Mkiwawekea njia ya kuripoti makosa yao wenyewe bila ya kuogopa kufukuzwa, mtaletewa vifuniko vingi vya mafuta kabla havijaua. Mimi changu sikukiripoti. Niliogopa.

Mamlaka ya Viwanja, nyinyi mnaona eneo la maegesho kila siku. Wawekeeni ndege ndogo za ndani watu wa mizigo wanaotosheleza kama mnavyofanya juhudi kwa ndege kubwa za kimataifa, na Pemba msiisahau.

Wizara, jambo langu kwenu ni vijana. Wanatoka Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, wana vichwa vyepesi na mikono mizuri, wanakuja kufanya mazoezi kwenye karakana zetu. Wanafagia, wanabeba, wanachemsha chai, na wanaondoka na daftari la uzoefu lisilo na kitu, kwa sababu injinia anayepaswa kuwafundisha na kuwatilia sahihi yuko kwenye mabegi. Nimekwambieni miaka 4, au 2 kwa aliyesoma kozi. Kijana asiyeandikiwa kazi zake haianzi hata siku ya kwanza ya miaka hiyo. Tafuteni namna kozi za leseni ya ndege zitakavyoingia katika misaada ya masomo, na muwaulize wenye kampuni kila mwaka: mmewasainia vijana wangapi wa Kizanzibari, kwa kazi gani? Sisi tulio kwenye leseni leo tunazeeka. Mzee aliyenifundisha amekwisha tangulia mbele ya haki, na mengi aliyoyajua ameondoka nayo.

Nimeacha kazi katika kampuni ile, niko kwengine, na mambo ni afadhali kidogo. Siandiki kwa kinyongo. Rubani yule bado anaruka. Tukikutana tunasalimiana, na hajapata kulitaja jambo lile hata mara moja. Ningependa siku moja nimwambie kwamba limeandikwa na limefanyiwa kazi.

Msimu unaanza Juni. Naomba kikao kabla ya hapo, Kisauni au Chake Chake, mainjinia, marubani, wapakiaji na nyinyi wakubwa, meza moja. Karatasi yangu ya majukumu ya siku ya kwanza ninayo, nitakuja nayo. Tuanzie kwenye mstari wa sita.

Wenu katika kazi,
Injinia wa matengenezo ya ndege, Unguja